ELIMU YA WAFANYAKAZI: Hesabu za Nile Magharibi na Programu Huria za Kompyuta



Katika masomo yaliyopita tulieleza mkataba wa kazi, likizo ya uzazi, na jinsi ya kuendesha mkutano wa tawi. Safari hii somo letu ni la kompyuta. Wako watakaosema, "Kompyuta ni mambo ya wasomi wa Kampala. Sisi wa Arua na Koboko yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya, muuguzi anayejaza rejista usiku kwa taa ya simu, mwalimu anayehesabu watoto darasani, bwana shamba anayepima mvua: hao ndio wanaozalisha takwimu. Bila jasho lao hakuna ripoti, hakuna ramani, hakuna utafiti.

Wazee wetu waliolima tumbaku na pamba katika Nile Magharibi wanajua jambo moja vizuri: mkulima akileta mzigo wake, kitu cha kwanza cha kutazama ni mizani. Kama mizani imefunikwa na mnunuzi peke yake ndiye anayeisoma, mkulima huondoka na neno la mnunuzi tu. Takwimu nazo ni mazao, na programu ya kompyuta inayozihesabu ndiyo mizani. Somo hili linauliza: mizani hiyo ni ya nani, na je, mfanyakazi anaweza kuifunua aone ndani?

Tutajibu kwa mfano wa hapa kwetu, kwa sababu upo, na ni wachache wanaoujua.

1. REJISTA ZA KULUVA

Kusini mwa mji wa Arua ipo hospitali ya Kuluva. Katika miaka ya 1960 walifanya kazi hapo madaktari wawili ndugu, Waingereza wa misheni, Ted Williams na Peter Williams. Wakati huo daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1958, juu ya saratani inayovimbisha taya za watoto wa Afrika. Mwaka 1961 Burkitt, Ted Williams na daktari wa tatu, Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri maili kama 10,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika. Kila walipofika hospitali waliuliza: mtoto mwenye uvimbe wa namna hii mmemwona?

Walipoweka majibu kwenye ramani waliona kwamba ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipanda juu ya futi kama 5,000, hauonekani sana. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1964 wataalamu watatu wa London, Epstein, Achong na Barr, waliona kirusi katika seli za uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda. Leo inajulikana kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria kali inayomrudia mtoto mara kwa mara, vina sehemu katika ugonjwa huu.

Huku Kuluva kazi ilikuwa ya kalamu na daftari. Kila mtoto aliyepatikana na ugonjwa huo aliandikwa: anatoka kijiji gani, ana umri gani, dalili zilianza lini. Ukiona neno "takwimu" katika kitabu, kumbuka kwamba nyuma yake yuko mtu aliyemwuliza mama aliyechoka na safari, kwa lugha anayoielewa, "Uvimbe ulianza kabla ya mavuno au baada ya mavuno?" Halafu akageuza jibu kuwa tarehe. Hiyo ni kazi ya ufundi. Mashine haiifanyi.

Madaktari walikuwa na swali: je, watoto hawa wanaugua wakiwa wametawanyika tu, au wanaougua karibu kwa mahali huugua pia karibu kwa wakati? Kama ni hivyo, huenda kuna kitu kinachopita kutoka mahali hadi mahali. Mwaka 1967 Pike, Williams na Wright walichapisha jibu la kwanza katika jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, kwa kutumia wagonjwa wa wilaya ya West Nile wa miaka 1961 hadi 1965: dalili ya mafungu ilikuwapo. Mwaka 1978 Williams na wenzake walitoa hesabu ndefu zaidi, ya 1961 hadi 1975. Katika miaka fulani dalili ilikuwa na nguvu, katika miaka mingine ilififia.

Wilaya iliyoitwa West Nile wakati huo ilikuwa kubwa. Koboko ya leo, iliyopata wilaya yake mwaka 2005, ilikuwa ndani yake.

2. TUFANYE HESABU HIYO WENYEWE

Hesabu waliyotumia ilipendekezwa na Mwingereza aitwaye Knox mwaka 1964. Haihitaji elimu ya chuo kikuu. Anayejua kujumlisha, kuzidisha na kugawanya ataiweza. Chukua karatasi.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, tuna wagonjwa watano. Siku tunazihesabu tangu tarehe 1 Januari.

Mgonjwa A: upande wa Koboko, siku ya 10.
Mgonjwa B: upande wa Koboko, kilomita 3 kutoka kwa A, siku ya 24.
Mgonjwa C: upande wa Arua, siku ya 15.
Mgonjwa D: upande wa Arua, kilomita 2 kutoka kwa C, siku ya 200.
Mgonjwa E: upande wa Arua, kilomita 4 kutoka kwa C na kilomita 3 kutoka kwa D, siku ya 31.

Kwanza tuamue maana ya "karibu". Kwa mahali, tuseme kilomita 5 au pungufu. Kwa wakati, tuseme siku 30 au pungufu. Sasa tuwapange wagonjwa wawili wawili: A na B, A na C, na kuendelea mpaka mwisho. Watu watano hutoa jozi 10.

Jozi zilizo karibu kwa mahali ni nne: A na B, C na D, C na E, D na E.
Jozi zilizo karibu kwa wakati ni sita: A na B, A na C, A na E, B na C, B na E, C na E.
Jozi zilizo karibu kwa yote mawili ni mbili: A na B, C na E.

Mtu mwenye haraka atapiga kelele: "Jozi mbili! Huu ni mlipuko!" Lakini ngoja. Tuulize kwanza: kama mahali na wakati havina uhusiano wowote, tungetazamia jozi ngapi kwa bahati tu? Zidisha 4 kwa 6, gawanya kwa 10. Jibu ni 2.4. Tumeona 2, tungetazamia 2.4. Basi hapa hakuna dalili ya fungu. Macho yalisema mlipuko, hesabu imesema hapana.

Ndugu, hilo peke yake linatosha kuwa faida ya somo hili. Ni mara ngapi watu wa kijiji, au wakimbizi, au wafanyakazi wa idara fulani wamelaumiwa kwa sababu mkubwa mmoja aliona mambo mawili yametokea karibu karibu? Anayejua kuhesabu ana jibu la kumpa.

3. KUTOKA KALAMU HADI KOMPYUTA

Watu watano hutoa jozi 10. Wagonjwa wa Nile Magharibi waliobaki katika jedwali la hesabu ni 188. Hao hutoa jozi 17,578. Karani akitumia nusu dakika kwa kila jozi, akifanya kazi saa 8 kwa siku bila kupumzika, atamaliza baada ya siku 18. Tena kazi haijaisha. Ili kujua kama matokeo ni ya bahati, inafaa tarehe zote zichanganywe kama karata, kila mgonjwa apewe tarehe ya mwingine, na hesabu irudiwe. Halafu zichanganywe tena, mara 999. Hiyo ni kazi ya miaka 60 kwa karani mmoja. Kompyuta ya kawaida huifanya wakati maji ya chai yakichemka.

Ndiyo sababu programu zikaandikwa. Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, Barry Rowlingson na Peter Diggle, walitangaza kifurushi cha programu kiitwacho splancs, cha kuhesabu na kuchora nukta kwenye ramani. Ndani yake liko jedwali liitwalo burkitt. Ukilifungua utaona mistari 188: mahali alipotoka mgonjwa, idadi ya siku tangu 1 Januari 1960, na umri wake. Ni watoto wa Nile Magharibi. Liko pia umbo la mipaka ya wilaya, ili nukta zipate nchi ya kukaa.

Lakini hapa palikuwa na kikwazo. Splancs ya kwanza iliandikwa ili iendeshwe ndani ya programu nyingine, S-Plus, na S-Plus ilikuwa bidhaa ya kununuliwa. Basi takwimu zimetoka kwetu, maarifa ya kuzihesabu yametolewa wazi, lakini mlango wa kuingilia una kufuli na ufunguo unauzwa.

Kufuli hilo lilifunguliwa kutoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walianza kuandika programu yao ya takwimu. Waliiita R. Ilifuata lugha ya S, iliyobuniwa Marekani mwaka 1976, ambayo ndiyo mama wa S-Plus. Mwenzao wa Uswisi, Martin Mächler, aliwashawishi wasiifungie. Mwaka 1995 waliitoa chini ya leseni huria. Tangu 1997 inatunzwa na kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka 29 Februari 2000. Mtaalamu wa Norway, Roger Bivand, aliihamishia splancs ndani ya R. Leo vifurushi vilivyoandikwa na watu wa dunia nzima kwa ajili ya R ni zaidi ya 20,000, na splancs ni kimoja kati yake. Mwanafunzi wa nchi yoyote anaweza kujifunza kwa jedwali la burkitt bila kulipa hata shilingi moja.

Ndani ya kifurushi hicho hakuna jina la karani wala la muuguzi. Tunasema hivyo bila kuwatukana walioandika programu. Wao walitoa kazi yao bure. Tunasema ili mfanyakazi wa kumbukumbu wa leo ajue kazi yake ina urefu gani. Mstari mmoja ulioandikwa vizuri kwa kalamu unaweza kufundisha watu miaka 60 baadaye.

Tena fikirini vita vya 1979 na 1980, watu wa Nile Magharibi walipokimbilia Zaire na Sudan. Ni ofisi ngapi ziliachwa milango wazi, ni vitabu vingapi vilipotea? Kitu chenye nakala moja kikiungua kimekwisha. Kitu chenye nakala katika nchi mia hakiungui chote.

4. PROGRAMU HURIA NI NINI?

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu ili kompyuta iyafuate. Mwenye programu iliyofungwa hukuuzia matokeo ya maagizo, lakini maandishi yenyewe huyaficha. Programu huria huja na maandishi yake. Mmarekani Richard Stallman alianzisha harakati hizi mwaka 1983, na mwaka 1989 ikatolewa leseni maarufu ya GPL, ambayo R inaitumia. Leseni huria humpa kila mtu haki nne:

(a) kuitumia programu kwa kazi yoyote;
(b) kuisoma ndani na kuibadili ifae mahali pake;
(c) kumpa jirani nakala;
(d) kuwagawia wengine nakala ile aliyoibadili yeye.

GPL inaongeza sharti: ukigawa ulichobadili, uwape wenzako haki hizo hizo ulizopewa wewe. Usichukue cha umma ukakifanya chako. Tuliozoea kazi ya kulima pamoja, leo shamba langu na kesho shamba lako, hatuhitaji maelezo marefu.

Tusichanganye "huria" na "bure". Programu huria nyingi hazina bei, lakini kuna gharama nyingine: kompyuta, umeme, na muda wa kujifunza. Tena yuko mtu anayeamka usiku kurekebisha makosa ndani yake, na mara nyingi halipwi kwa kazi hiyo. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kufurahia kazi isiyo na malipo bila kusema neno. Serikali na mashirika yanayotumia programu hizi yanapaswa kuchangia mishahara ya wanaozitunza, na kuwalipa vijana wetu waziandike.

Na programu iliyofungwa inaweza kumwumiza mfanyakazi. Tulikuta kituo kimoja, hatutakitaja jina, ambapo hesabu za dawa ziliwekwa katika programu ya kununuliwa. Leseni ilikwisha, mwajiri hakulipa, na siku moja kompyuta ikakataa kufungua. Ripoti ilichelewa. Aliyepewa barua ya onyo ni karani. Tawi liliingilia na onyo likafutwa, lakini hesabu za miezi mitatu zilibaki zimefungwa ndani, na karani alizianza upya kutoka kwenye vitabu. Programu huria haina tarehe ya kufa namna hiyo. Nakala uliyo nayo ni yako, na waweza kuibeba katika flashi kutoka Arua mpaka Koboko, ukaiweka kwenye kompyuta isiyo na intaneti.

5. PICHA INASEMA, NA PICHA INADANGANYA

Mtu hachoki kutazama ramani kama anavyochoka kusoma safu za namba. Kwa hiyo programu hizi huchora: nukta mahali pa kila mgonjwa, rangi nzito palipo na wengi, mstari unaopanda na kushuka kwa miezi. Kwa mfanyakazi picha ni silaha ya hoja. Ukiingia katika mazungumzo na mwajiri na kusema "kazi imezidi", atasema "kila mtu husema hivyo". Ukiweka mezani mchoro unaoonyesha idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, mwezi kwa mwezi, itambidi ajibu.

Lakini tujifunze kuisoma picha kwa jicho la mfanyakazi. Ramani ya wagonjwa ni pia ramani ya hospitali na ya barabara. Nukta nyingi zinaweza kuwa karibu na kituo cha afya kwa sababu hapo ndipo penye mtu wa kuandika. Kijiji kisicho na karani hakina nukta, na kisicho na nukta hudhaniwa kuwa hakina ugonjwa, na kinachodhaniwa hivyo hakipewi dawa. Mkubwa akikuonyesha ramani safi ya Koboko, muulize kwanza: mwezi huo ni vituo vingapi vilileta ripoti? Muulize pia: umegawanya kwa idadi ya watu? Mji wenye watu wengi utakuwa na wagonjwa wengi hata bila mlipuko.

Hapo ndipo umuhimu wa mizani iliyo wazi. Kama programu ni huria, mwingine anaweza kuchukua takwimu zile zile, kufuata hatua zile zile, na kuona kama atafika kwenye jibu lile lile. Asipofika, kuna la kuuliza.

6. MFUMO WA KILA MWEZI NA WAFANYAKAZI WA CHUMA WA NORWAY

Ndugu zetu wa vituo vya afya wanajua Fomu 105, ile ripoti ya kila mwezi ya wagonjwa wa nje. Hesabu zake huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2, ambao Uganda ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011 hadi 2012. Tukiuliza katika mikutano ya matawi, ni wachache wanaojua kwamba DHIS2 yenyewe ni programu huria. Basi wengi wetu tumekuwa watumiaji wa programu huria kwa miaka mingi bila kuambiwa.

Asili yake ni habari ya kuwafurahisha wana chama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama cha wafanyakazi wa chuma nchini Norway kiliona kompyuta zinaingia viwandani na wanachama hawajui zinafanya nini. Kilimwita mtaalamu mkubwa wa kompyuta, Kristen Nygaard, mmoja wa waliobuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula, afanye kazi upande wa wafanyakazi. Walisoma pamoja na wakaandika madai yao. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na waajiri wa Norway walitia saini mapatano: wafanyakazi waelezwe mapema kuhusu mfumo mpya, washiriki katika kuupanga, na wawe na mwakilishi wao kwa mambo ya kompyuta.

Kutoka katika desturi hiyo ya Oslo walitoka watu kama Jørn Braa, waliokwenda Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuangushwa mwaka 1994. Huko, pamoja na wenyeji, wakaanza mfumo wa takwimu za afya ambao mtumishi wa kituo angeweza kuutumia mwenyewe. Ndio uliozaa DHIS2, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Waandishi wake leo wako nchi nyingi, na wamo Waafrika Mashariki: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kituo cha kazi hiyo kwa miaka mingi.

Tuone basi jinsi mambo yanavyoweza kupotoka njiani. Mfumo uliozaliwa na fikra kwamba mfanyakazi ashiriki, ukifika kwetu huwa kazi ya kujaza na kupeleka juu. Takwimu hupanda kutoka Koboko mpaka Kampala. Ni mara ngapi hushuka kurudi Koboko? Uhuru ulioandikwa katika leseni haufiki kituoni wenyewe. Huletwa na watu waliojipanga.

7. SIRI YA MGONJWA

Hapa tuseme wazi. Programu kuwa huria hakumaanishi kwamba siri za wagonjwa ziwe huria. Mizani inaweza kuwa wazi, lakini mfuko wa mtu ubaki wake. Jedwali la burkitt halina majina. Hata hivyo, mahali, umri na tarehe vikiwekwa pamoja, katika kijiji kidogo watu humjua mtu bila jina. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019. Mfanyakazi yeyote akiambiwa atume orodha ya wagonjwa kwa simu yake mwenyewe, au ampe mgeni asiyejulikana nakala ya rejista, ana haki ya kukataa na kuomba amri kwa maandishi. Chama kitakuwa nyuma yake.

8. TUDAI NINI?

Elimu isiyoleta dai ni mapambo. Tunapendekeza kila tawi la Arua na Koboko lijadili madai haya na kuyaweka katika mazungumzo yajayo na waajiri:

Kwanza, mafunzo katika saa za kazi, yenye malipo, ya kutumia programu huria za takwimu na za ramani, kama R, DHIS2 na QGIS. Chuo Kikuu cha Muni kipo hapa hapa Arua. Waajiri wafanye mpango nacho.

Pili, takwimu zirudi. Kila kituo kinachopeleka ripoti kirudishiwe mchoro wake kila robo ya mwaka, ubandikwe ukutani.

Tatu, mwakilishi wa wafanyakazi kwa mambo ya kompyuta katika kila tawi, kama Norway mwaka 1975. Hakuna mfumo mpya kuingia bila yeye kuelezwa.

Nne, mwajiri asinunue programu inayofungia takwimu zetu iwapo ipo ya huria inayofanya kazi ile ile. Akinunua, hesabu zote ziwe na nakala katika faili linalofunguka bila leseni.

Tano, mfanyakazi asiadhibiwe kwa kosa la mashine au la leseni.

Sita, kazi ya kukusanya takwimu ihesabiwe kuwa kazi. Ipangiwe muda, vifaa na watu, na jina la kituo liandikwe panapochapishwa matokeo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Mahali pako pa kazi, ni nani anayekusanya takwimu, nani anayezihesabu, na nani anayeona majibu?

2. Rudia hesabu ya sehemu ya pili, lakini badala ya siku ya 200 mgonjwa D awe siku ya 20. Jozi za karibu kwa yote mawili sasa ni ngapi? Kwa bahati tungetazamia ngapi? Jibu linatufundisha nini?

3. Taja programu moja iliyofungwa inayotumika kazini kwako. Leseni ikikwisha kesho, ni kazi gani itasimama, na ni nani atakayelaumiwa?

4. Katika madai sita, ni lipi tawi lenu linaweza kulipata mwaka huu?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta kwa kamati ya elimu. Yaandikwe kwa hati inayosomeka, pamoja na tarehe na mahali. Tumekwisha kuona mstari mmoja ulioandikwa vizuri unaweza kufika wapi.

Umoja ni nguvu.